Tusome kwanza jina la mtoa taarifa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua niseme na wasomaji wanaotafuta asili ya koo zao kwa kutumia rejista za serikali za vizazi, ndoa na vifo. Siku hizi kazi hii imegeuzwa kuwa ya jioni moja. Mtu anaingia kwenye intaneti, anaandika jina la babu mzaa baba, anapata mstari wenye jina, mwaka na wilaya, anaupachika kwenye mti wa ukoo, kisha anamrukia baba wa babu. Kabla ya kulala ana vizazi vitano. Ukimuuliza ameona kurasa ngapi za rejista, hana hata mmoja. Alichoona ni faharasa. Faharasa ni kibao cha njiani: inakuonyesha ukurasa uliko, haikwambii umeandikwa nini, na mara nyingine imetayarishwa na mtu aliyeshindwa kuusoma mwandiko.

Hata anayefika kwenye cheti chenyewe hujikwaa kwa namna nyingine. Cheti kinatisha. Kina muhuri, kina namba, kina saini ya msajili, kwa hiyo kila kilichomo huaminiwa kwa kiwango kilekile. Lakini msajili hakuwepo mtoto alipozaliwa, wala hakuwepo mzee alipokata roho. Alikaa mezani akaandika alichoambiwa. Ndiyo maana nashauri usomaji uanzie kwenye safu ambayo wengi huiruka, ile ya mtoa taarifa: ni nani, ana uhusiano gani na mhusika, alikuwepo au alisimuliwa, na alifika ofisini siku ngapi baada ya tukio.

Tuchukue cheti cha kifo cha England cha karne ya 19. Kina tarehe na mahali pa kifo, jina, jinsia, umri, kazi, sababu ya kifo, kisha mtoa taarifa na anwani yake, tarehe ya kusajili na saini ya msajili. Tarehe na mahali pa kifo huwa imara, hasa ikiwa imeandikwa kwamba mtoa taarifa alikuwepo marehemu akifariki. Umri ni habari nyingine. Aliyeujua vizuri ndiye huyo aliyelala, na hawezi kuulizwa. Anayejibu ni binti, jirani au mpangaji mwenzake, na mara nyingi jibu humtoka likiwa limekatwa kwenye 60, 65 au 70. Marehemu wa miaka 70 kamili na apewe nafasi ya miaka mitano kila upande. Wa miaka 62 anaaminika zaidi kidogo, kwa sababu anayebuni umri kwa kawaida habuni 62.

Hapo hapo kwenye umri kuna kosa dogo la hesabu linalopoteza watu wengi. Tuseme marehemu alifariki tarehe 3 Machi 1881 akiwa na miaka 62. Mtafutaji anatoa 62 katika 1881, anapata 1819, anaandika hivyo na kufunga daftari. Hesabu yenyewe inasema alizaliwa kati ya tarehe 4 Machi 1818 na tarehe 3 Machi 1819. Karibu miezi kumi ya kipindi hicho imo ndani ya 1818, na miwili tu ndiyo imo ndani ya 1819. Yaani mwaka ulioandikwa ndio wenye uwezekano mdogo kuliko mwingine. Tena mtu huyo hana cheti cha kuzaliwa cha serikali hata akitafutwa vipi, kwa kuwa usajili wa England na Wales ulianza tarehe 1 Julai 1837. Wa kabla ya hapo wanatafutwa kwenye vitabu vya ubatizo vya makanisa.

Cheti hicho cha England hakiwataji wazazi wa marehemu, isipokuwa marehemu akiwa mtoto, ambapo kwenye safu ya kazi huandikwa kuwa ni mwana wa fulani, seremala. Scotland ilianza usajili mwaka 1855 na yenyewe ikaamua kuandika majina ya baba na mama wa marehemu, mama akiwa na jina lake la kabla ya kuolewa. Vyeti vya vifo vya majimbo mengi ya Marekani navyo huwa na safu za wazazi. Watafutaji wakiviona hufurahi kama waliookota dhahabu. Wapunguze furaha. Mzee wa miaka 80 anafariki, anayekwenda ofisini ni mume wa binti yake, ambaye hajawahi kumwona mama wa mkwewe wala kulisikia jina lake la usichana. Anaulizwa, anaona haya kusema hajui, anataja jina la ukoo la mkwewe mwenyewe, au la bibi wa upande mwingine. Msajili anaandika. Miaka 140 baadaye jina hilo linaingizwa kwenye mti wa ukoo na kupigiwa mstari, kwa kuwa "cheti kinasema".

Cheti cha kuzaliwa kina afya zaidi, maana msemaji kwa kawaida ni mama au baba na tukio bado ni bichi. Lakini hata hapa muulize msemaji kama ana sababu ya kusogeza jambo. Huko England mtoto alitakiwa kusajiliwa ndani ya siku 42, na aliyechelewa alikabiliwa na ada. Mzazi wa siku ya 50 alijua la kufanya: alimzaa mtoto upya kwa mdomo, wiki mbili baadaye. Ndiyo maana tarehe ya ubatizo mara nyingine hutangulia tarehe ya kuzaliwa. Ukikuta hivyo usidhani ni watoto wawili. Hesabu siku kati ya kuzaliwa na kusajiliwa. Zikiwa 41 au 42 hasa, tia shaka tarehe ya kuzaliwa, siyo ya ubatizo. Saa ya kuzaliwa nayo ikiandikwa kwenye cheti cha England ni dalili ya mapacha, kwa hiyo tafuta namba ya mstari unaofuata kwenye rejista hiyohiyo.

Kuhusu baba asiyetajwa: nafasi tupu haina maana kwamba mama hakumjua. Kuanzia 1875 huko England, baba asiye na ndoa na mama aliandikwa tu akifika mwenyewe na kutia saini pamoja naye. Mtoto huyo yumo kwenye faharasa kwa jina la ukoo la mama. Wengi wanaosema babu yao hakusajiliwa wamemtafuta kwa jina la baba wa kambo.

Ndoa ndiyo rekodi ninayoipenda kuliko zote, kwa sababu hapa wahusika wako hai na wanajisemea. Hata hivyo wanajisemea mbele ya watu. Bibi harusi wa miaka 29 anakuwa na 25 ili asimpite bwana harusi. Kijana wa miaka 19 anakuwa na 21 ili asiulizwe kibali cha wazazi. Kwenye rejista za England umri mara nyingi haukuandikwa kwa tarakimu. Liliandikwa neno la kuonyesha kwamba ametimiza utu uzima, na maana yake ni miaka 21 kwenda juu, hata kama ni 58. Anwani moja kwa wote wawili siyo ushahidi kwamba waliishi pamoja. Mara nyingi mmoja aliazima anwani ili tangazo la ndoa lisomwe kanisa moja badala ya mawili. Safu ya baba huonyesha jina na kazi, na aliyekulia bila baba aliweza kumbuni mmoja mwenye jina la ukoo kama lake na kazi ya heshima, au akamtaja babu aliyemlea. Kama neno "marehemu" halimo baada ya jina la baba, usihitimishe kwamba alikuwa hai. Majina ya akina mama hayakuwemo kabisa kwenye rejista za ndoa za England na Wales hadi Mei 2021.

Mashahidi wa ndoa wasirukwe. Shahidi mwenye jina la ukoo usilolijua anaweza kuwa dada aliyeolewa, na mume wake akiwa shahidi wa pili. Watafutaji wenye uzoefu humwandika kila shahidi kwenye karatasi ya pembeni na kumngoja. Mara nyingi anatokea tena miaka kumi mbele, safari hii kama mtoa taarifa wa kifo.

Sasa mpangilio wa kazi. Anza na rekodi ya karibu uliyo na uhakika nayo, kisha rudi nyuma hatua moja moja, wala usiruke. Cheti cha kuzaliwa kinakupa jina la mama la kabla ya kuolewa. Kwa jina hilo na la baba unatafuta ndoa, ukianzia kwa mtoto wa kwanza unayemjua na kurudi nyuma mwaka baada ya mwaka, kisha, usipoipata, miaka michache mbele, maana si wote waliofunga ndoa kabla ya mtoto. Ndoa inakupa umri na jina la baba, na hivyo viwili ndivyo funguo za kutafuta kuzaliwa. Ukipata watoto watatu wenye jina lile lile, mwaka ule ule, wilaya ile ile, usichague anayekupendeza. Watafute wote watatu kwenye vifo vya miaka mitano ya kwanza. Karne ya 19 watoto wengi walifariki wadogo, na mmoja wa watatu wako huenda alizikwa kabla ya kutembea. Waliobaki walinganishe kwa jina na kazi ya baba kama zilivyoandikwa kwenye ndoa. Hapo pia kuna mtego: mtoto akifariki, jina lake mara nyingi alipewa mdogo wake. Wawili wa wazazi walewale, jina moja, wamepishana miaka miwili; babu yako ni yule wa pili.

Faharasa za zamani za England na Wales zimegawanywa kwa robo za mwaka, na kwa vizazi na vifo kinachohesabika ni siku ya kusajili. Mtoto wa tarehe 10 Desemba aliyesajiliwa tarehe 15 Januari yumo kwenye robo ya Machi, yaani ya Januari hadi Machi, ya mwaka unaofuata. Jina la mama la kabla ya kuolewa liliingizwa kwenye faharasa hizo kuanzia robo ya Septemba 1911, na jina la ukoo la mwenzi kwenye faharasa za ndoa kuanzia robo ya Machi 1912. Kwa ndoa za kabla ya hapo kuna mbinu ya kazi ya mkono: tafuta bwana harusi peke yake, andika robo, wilaya, juzuu na ukurasa, kisha tafuta bibi harusi peke yake na ulinganishe. Vyote vinne vikilingana, unaye mgombea mzuri. Ni mgombea tu, kwa sababu ukurasa mmoja ulibeba ndoa zaidi ya moja, na bwana harusi wa ndoa ya juu hujikuta kwenye miti ya koo akiwa na bibi harusi wa ndoa ya chini.

Unapoagiza, omba nakala kamili ya ukurasa, ya picha ikiwezekana, siyo dondoo. Cheti kifupi cha kuzaliwa kilichoanzishwa England mwaka 1947 hakina jina la mzazi, kwa hiyo kwa kazi hii ni karatasi tupu yenye muhuri. Huko Uhispania, ambako usajili wa nchi nzima ulianza 1871, nakala neno kwa neno ya kuzaliwa hutaja hata mababu na mabibi wa pande zote mbili, na mwenye dondoo anawakosa wote wanne. Huko Ufaransa, ambako raia waliondolewa mikononi mwa vitabu vya kanisa mwaka 1792, hazina imo pambizoni: talaka zilianza kuandikwa pambizoni mwaka 1886, ndoa ya mhusika pambizoni mwa kuzaliwa kwake kuanzia 1897, na kifo chake kuanzia 1945. Ukinakili maandishi ya katikati tu umeacha maisha yote ya mtu kando. Anayefanya kazi kwenye rejista hizo ajiandae pia na kalenda ya Mapinduzi ya Ufaransa, iliyotumika hadi mwisho wa 1805: tarehe 18 ya mwezi wa Brumaire, mwaka wa VIII ni tarehe 9 Novemba 1799, na hiyo haipatikani kwa kukisia.

Kwa Uholanzi usiridhike na cheti cha ndoa peke yake. Usajili huko ulianza katika sehemu kubwa ya nchi mwaka 1811, na waliotaka kuoana walipaswa kuleta viambatanisho: dondoo za kuzaliwa za wote wawili, uthibitisho kuhusu utumishi wa jeshi kwa mwanamume, vyeti vya vifo vya wazazi waliofariki, na wakati mwingine hata vya mababu. Viambatanisho hivyo vimehifadhiwa kando ya rejista. Mwanamume aliyeoa mwaka 1820 anaweza kukupa kwa bahasha moja kifo cha babu yake aliyezaliwa karne moja nyuma. Sijui kwa nini watu huagiza ndoa tu na kuliacha bunda hilo.

Na usipopata kabisa? Kabla ya kulaumu moto kwamba uliteketeza rejista, pitia sababu za kawaida. Tukio husajiliwa lilipotokea, siyo nyumbani kwa mhusika. Mama aliyejifungulia kwao yuko kwenye rejista ya wilaya ya kwao, na mgonjwa aliyefia hospitali ya mji wa pili yuko huko. Mtoto aliyesajiliwa kabla ya kupewa jina yumo mwishoni mwa orodha ya jina la ukoo, ametajwa kwa jinsia tu. Majina yaliandikwa kwa sikio: msemaji asiyejua kusoma hakuweza kumsahihisha karani, na lafudhi ya karani ikiwa ngeni, herufi ya kwanza ndiyo inayopotea. Tafuta bila herufi ya kwanza. Tafuta kwa jina la kwanza, mahali na umri bila jina la ukoo. Mwandiko wa zamani una jozi zake zinazojulikana: I na J, T na F, L na S kubwa, tarakimu 1 na 7, 3 na 5. Na kumbuka kwamba nyaraka nyingi za makao makuu ni nakala za nakala. Huko England rejista ya wilaya ilinakiliwa kila robo mwaka na kupelekwa juu, na kila kunakili kulizaa makosa. Cheti cha makao makuu kikiwa na utata, iulize ofisi ya wilaya yenye kitabu cha mwanzo, au kanisa lililobaki na kitabu chake cha ndoa. Huko ndiko saini halisi zilipo, na saini ya bwana harusi ikilinganishwa na ya mtu yuleyule kwenye hati nyingine inamaliza ubishi ambao majina hayawezi kuumaliza.

Moto nao upo. Paris ilikuwa na nakala mbili za rejista, katika majengo mawili, na yote mawili yaliungua Mei 1871. Za kabla ya 1860 zilizopo leo zimeundwa upya, tena kwa sehemu tu. Lakini moto pia umekuwa kisingizio. Wenye asili ya Ireland huambiwa kila kitu kiliteketea Dublin mwaka 1922. Kilichoteketea ni hifadhi ya nyaraka za taifa, na hasara yake ni kubwa, ila rejista za serikali za vizazi na vifo kuanzia 1864, na za ndoa zisizo za Kikatoliki kuanzia 1845, hazikuwa kwenye jengo hilo. Zipo.

Sehemu nyingine kinachozuia ni sheria ya faragha. Ujerumani, ambako usajili wa serikali ulienea dola nzima tarehe 1 Januari 1876, hufungua vizazi baada ya miaka 110, ndoa baada ya 80 na vifo baada ya 30. Kwa hiyo ukigonga mlango wa kuzaliwa ukakuta umefungwa, gonga wa kifo cha mtu yuleyule, ambao mara nyingi umekwisha kufunguliwa. Marekani kila jimbo lina tarehe yake. Massachusetts ilianza 1841 na Georgia 1919. Wazee waliohitaji uthibitisho wa umri baada ya sheria ya hifadhi ya jamii ya 1935 walitengenezewa vyeti vya kuzaliwa vilivyochelewa, miaka 60 baada ya tukio. Visidharauliwe: mara nyingi huorodhesha ushahidi ulioletwa, kama kitabu cha ubatizo, Biblia ya familia au kiapo cha ndugu mkubwa, na ushahidi huo una thamani kuliko tarehe iliyoandikwa juu.

Rekodi mbili zikipingana, usitafute wastani. Ziandike zote, na mbele ya kila moja uandike mambo manne: aina (faharasa, nakala au kitabu cha mwanzo), tarehe ya tukio, tarehe ya kusajiliwa, na mtoa taarifa. Ukiyapanga hivyo, mara nyingi ugomvi unajitatua, kwa sababu unamwona mama akisema siku ya nane upande mmoja, na mpangaji akisema miaka 71 baadaye upande mwingine.

Nanyi Mhariri, mnapochapisha makala za wasomaji kuhusu historia za koo zao, mwombeni mwandishi aambatanishe, kwa kila tarehe, namba ya ukurasa alioutoa na jina la aliyeitaja mbele ya msajili. Isiyo na hivyo ichapishwe ikiwa na neno "inasemekana".

Msomaji wenu,
Mtafiti wa nasaba